Gari la Shangazi Lamyai Linasujudu

Kamron, fundi magari wa mji wa Khorat, hakurithi shamba wala duka. Alirithi mdomo, na mdomo ule ulimlisha vizuri tu.

Siku hiyo aliitwa kwa Shangazi Lamyai, mjane mkaanga ndizi wa barabara ya stesheni, akatazame gari la marehemu mumewe: Mjerumani mkubwa mweusi, mzee kuliko bwana harusi aliyengojewa kulipanda. Gari lile halikalii springi za chuma, linakalia mifuko ya hewa. Kila usiku mifuko ya mbele ilivuja kidogo, pua ikashuka. Asubuhi ukiwasha injini, kompresa inanguruma, inajaza upepo, gari linainuka. Wiki hiyo lilishuka, likagoma kuinuka.

"Jumapili Anucha wangu anaoa," Shangazi alisema, mwiko mkononi. "Baba yake alimwahidi kabla hajafa: utamfuata mkeo ndani ya gari hili. Litengeneze, mwanangu, nisije nikamwaibisha marehemu."

Kamron akapaka mifuko maji ya sabuni. Mapovu machache tu. Akafungua kisanduku cha fyuzi chini ya boneti, akachomoa rilei ya kompresa, kidude cheusi cha kupitisha umeme, kidogo kuliko kiberiti. Vijiguu vyake vya shaba vimeungua. Akaisugua kwa msasa, akairudisha. Grrr! Kompresa ikaitika. Kazi imekwisha, mtu mwema angedai ujira wake akaenda zake.

Ila Kamron aliinua kichwa, akaona jinsi gari lilivyoinamisha pua mbele ya kijumba cha mzimu mlinzi wa ua ule, penye mashada na soda nyekundu za sadaka. Lilikuwa linasujudu! Na watu wa mji huu, jamani, wanapaka poda hata mgomba wenye vichwa viwili wakitafuta namba za bahati nasibu. Mjerumani anayesujudu wangemwacha? Akaichomoa rilei upesi, akaitia mfukoni.

"Pole, Shangazi. Kompresa imekufa."

"Imekufa?"

"Kufa kabisa. Ni ya kuzika tu."

Shangazi alimtazama kidogo, akarudi kwenye kikaango chake.

Mdomo wa Kamron ukautangaza muujiza mji mzima, na kufikia Ijumaa ua ulikuwa hauna pa kukanyaga. Kamron, shati jeupe, sauti ya mtawa, aliuza ubani na mashada, na sanduku la sadaka alilifunga kufuli, ufunguo shingoni. "Polepole, wazee! Msiguse taa, mzimu anaonea hizo!" Babu mmoja alisugua poda kwenye bampa akaona saba, mkewe akaona moja. Nusura washikane mashati. Shangazi naye alikaanga ndizi, akatabasamu, akakaanga nyingine.

Jumapili asubuhi ngoma ndefu za harusi zilifika. Anucha, ndani ya hariri yake, alilitazama gari lililolala akataka kulia. Hapo Shangazi akapanda juu ya kigoda.

"Kamron, mwanangu! Wewe ndiye msiri wa mzimu. Mwekee nadhiri mbele ya watu, gari liinuke."

Kamron akaigusa rilei mfukoni, akajisikia salama. Ombi lisipotimia nadhiri hailipwi, na umati unapenda maneno makubwa. Akapiga magoti, ubani mkononi.

"Likiinuka, sanduku lote ni la harusi! Na mimi nitacheza mbele yake mpaka mlangoni kwa bibi harusi!"

"Mmemsikia?" Shangazi akauliza.

"Tumemsikia!"

"Basi fumbeni macho wote. Mzimu wetu ana haya."

Wakafumba. Kamron, mkuu wa ibada, alifumba kuliko wote. Akasikia boneti ikifunguka na kufungwa, injini ikawaka, kisha ile sauti aliyoijua vizuri mno: grrrr! Alipofumbua, Mjerumani alikuwa anainuka taratibu, na watu wanalia kwa furaha.

Shangazi alimjia kumvua ufunguo, akamnong'oneza, "Nilikuwa nakaanga ndizi, sikuwa kiziwi. Maiti gani inayonguruma? Mume wangu nilimshikia tochi miaka yote akilitengeneza. Rilei ya honi na ya kompresa ni mapacha. Nimehamisha tu."

Kamron akatazama lango. Lakini nani Khorat asiyemjua yule muuza samaki aliyemkimbia mzimu bila kulipa nadhiri yake? Mpaka leo mdomo wake umepinda upande. Na Kamron, mali yake yote ni mdomo.

Akacheza. Ngoma nyuma, jua utosini, shati jeupe limemganda mgongoni. Walipofika sokoni njia ikaziba kwa mikokoteni. Anucha akabonyeza honi. Kimya. Akabonyeza tena.

Shangazi akatoa kichwa dirishani. "Kamron, mwanangu! Honi haina rilei. Au unayo moja hapo karibu?"

Umati mzima ukamgeukia. Kamron akaingiza mkono mfukoni, akaishika rilei, ikamchoma vidole. Akautoa mkono mtupu.

"Sina, Shangazi," akasema. Kisha akavuta pumzi, akaweka viganja mdomoni.

"Piii! Piii! Pisheni bwana harusi!"