Siku Tufani Alipoosha Vidole Bila Kuvilamba

Sogeeni, enyi mnaokaa jukwaani kwenye jua na enyi mnaojibana kivulini, enyi mliokata tiketi na enyi mlioruka ukuta nikawaona nikanyamaza. Fungeni vinywa, fungueni masikio. Nawe uliyekaa pale nyuma, acha kutafuna, maana habari hii ni ya kinywa na haisikilizwi na kinywa kilichojaa. Nawaletea vita vikuu kuliko fainali zote mlizowahi kuzishangilia, vita vilivyopiganwa mchana kweupe mbele ya duka la chipsi, ambako haikumwagika damu ila mafuta, wala hakupuliza filimbi mwamuzi yeyote, na shujaa akatoka na ushindi wake kwenye ncha za vidole.

Mkiniuliza mimi ni nani hata nipaze sauti namna hii, mimi ni mjaza upepo. Mipira yote ya timu yetu imepata pumzi kwa pampu yangu. Makocha wamekuja na kuondoka, nami nipo. Anayedhani kujaza mpira ni kazi ndogo, ajaribu kuupiga ukiwa umesinyaa, kisha tuzungumze.

Shujaa wetu wazazi walimpa jina lao, lakini uwanja ulimwita Tufani. Tufani mpasua nyavu, Tufani mtetemesha milingoti, Tufani ambaye makipa walipomwona anakuja walianza kuwalaumu mabeki wao kabla mpira haujafika. Ndiye aliyeruka juu ya mabeki wawili, siku ile tulipokuwa tunakaribia kushuka daraja, akaupiga mpira kwa kichwa, ukaingia, nasi tukabaki katika ligi tukilia kama watoto. Na siku hiyohiyo, enyi wasikilizaji, ndipo alipoanza kuangamia.

Kwa maana mtaani nyuma ya uwanja kuna duka la chipsi, na mwenye duka huitwa Karai, bingwa wa mafuta yanayochemka, bwana wa mwiko wa matundu. Karai aliposikia filimbi ya mwisho alitoka mbio na aproni yake, akamkumbatia Tufani mbele ya watu, akaapa kwamba maadamu ana moto na mafuta, mtu huyu hatalipa kitu dukani kwake. Akatundika picha yake juu ya friji la soda. Akabuni sahani akaiita Sahani ya Tufani: chipsi zimerundikwa, nusu kuku wa kukaanga juu yake, soseji pembeni, na mayonezi imemwagwa bila huruma.

Wala simsemi Karai vibaya, mtanisamehe. Kabla Tufani hajawa Tufani, alipokuwa akija mazoezini na tumbo tupu, ni Karai aliyemlisha zilizobaki jioni bila kumsimanga. Mtu kama huyo utamwambiaje hapana? Basi shujaa akala. Tukishinda, alikula kwa furaha. Tukifungwa, alikula kujipoza. Tukitoka sare, alikula kwa sababu hakujua ahuzunike au afurahi.

Sasa, timu yetu ina desturi yake. Zamani tulikuwa na mizani, lakini wachezaji walijifunza kuegemeza kiwiko ukutani, hata ukawa msimu mmoja ambao timu nzima, kwa mujibu wa mizani, ilikuwa na uzito wa kwaya ya chekechea. Mizani ikatupwa. Tangu hapo jezi ya kwanza ya kila mchezaji, ile aliyoivaa siku ya kusaini mkataba, hufungiwa kabatini, na asubuhi ya mechi ya ufunguzi huivaa mbele ya kocha, akanyanyua mikono juu kama aliyefunga bao. Kitovu kikionekana, hachezi. Jambo hilo tunaliita Kuvikwa, na wanaume wenye misuli ya chuma wamelitetemekea.

Kila msimu Tufani alivikwa, na kila msimu kitovu kilibaki mafichoni. Tulistaajabu. Mtu anatweta akipanda ngazi, shavu limeshuka, kitambi kinamtangulia kwenye kona, na jezi bado inamkaa! Siri ilikuwa kwa Shangazi yake, mama aliyemlea na ndiye mfuaji wa jezi zetu. Kila Kuvikwa kulipokaribia, Shangazi alifumua mbavu za jezi ile, akaingiza utepe wa kitambaa kutoka jezi chakavu, akashona tena kwa mkono mwepesi hata mimi niliye humo ndani kila siku sikuona. Alifanya kwa mapenzi. Lakini mapenzi hayo yalimponza mtoto, kwa kuwa jezi ilipomtosha naye aliamini hajabadilika. Alipoishiwa pumzi alilaumu jua. Alipopitwa na beki mwenye mvi alilaumu viatu. Msuli wa paja ulipomkamata alimlaumu mchua misuli, na maskini yule akaacha kazi.

Ndipo akaja kocha mpya, mtu mkavu, mwenye karoti mfukoni. Huyu hakutazama jezi kwa nje. Aliigeuza ndani nje mbele yetu sote, akakuta ubavuni vipande juu ya vipande, vingine vimepauka, kimoja bado kina nusu ya namba ya kipa wetu wa zamani. Kocha akamwambia Shangazi, kwa heshima, aondoe vyote. Kisha akamgeukia shujaa.

"Siku ya ufunguzi utaivaa kama ilivyokuwa," alinena. "Ikikutosha, unacheza na mkataba unaendelea. Isipokutosha, nitakushukuru kwa bao lako na tutaagana."

Tufani alikaa kwenye benchi, vile vipande mapajani, akavipanga kimoja kimoja. Shangazi alimwinamia, akasema alikuwa anamfichia aibu tu.

"Umenificha hata mimi, Shangazi," alijibu, na sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo vile.

Basi Shangazi aliyeshona akageuka kuchemsha. Mboga zikachemshwa, samaki akachemshwa, viazi vikachemshwa na maganda yake, na kama angeweza kuichemsha soda ikawa maji, angeichemsha. Shujaa aliitazama kabichi kama mtu anayeonyeshwa kadi nyekundu, akaila. Alipanda na kushuka ngazi za jukwaa huku nikimhesabia kwa sauti. Na kila baada ya mazoezi mimi, msindikizaji wake mwaminifu, nilimpitisha njia ndefu ya nyuma, kwenye gereji na mafundi seremala, ili pua yake isikutane na Karai. Wiki zikapita. Mkanda ukaanza kurudi nyuma tundu kwa tundu, pumzi ikaanza kurefuka, nami nikaanza kuota, Mungu anisamehe, hadi mabao.

Hata ikafika mchana wa kuamkia Kuvikwa. Tunatoka mazoezini, tunakata kona ya gereji, tunakuta mafundi wa bomba wamechimba mtaa mzima, handaki kutoka ukuta hadi ukuta, matope hadi magotini. Nikaomba watulazie ubao, wakacheka. Ikabaki njia moja tu, na njia hiyo inapita mlangoni kwa Karai.

Enyi mlio hai, niombeeni maneno! Harufu ndiyo iliyotangulia, ikatupokea tangu kwa kinyozi. Kisha ile sauti ya viazi vikitumbukia kwenye mafuta. Nilimshika Tufani mkono nikamwambia aangalie chini na apumue kwa mdomo. Tulikuwa tumekaribia kupita, naapa, zilikuwa zimebaki hatua za kuhesabika, pale Karai alipotokea mlangoni na mwiko wake mkononi.

"Ndugu yangu, nimekukosea nini?" aliuliza. "Wateja wananiuliza kama tumegombana. Picha yako ipo, sahani yako ipo, wewe hupo."

Wala hakuuliza kwa hila. Machozi yalikuwa yamemlengalenga, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko harufu. Kabla sijatafuta uongo wa kutuokoa, meza ilikuwa imetolewa nje, kiti kimevutwa, na Sahani ya Tufani imetua, moshi unapanda. Watu wakakusanyika. Mashabiki wakaanza kupiga makofi na kuimba jina lake, maana kwao kumwona Tufani akila ilikuwa sehemu ya ibada. Shujaa alikaa. Nikaona mkono wake ukinyanyuka wenyewe, ukashuka, ukachukua chipsi moja, ndefu, ya dhahabu, ncha yake imechovywa mayonezi. Nikafumba jicho moja.

Sasa, kwenye kona ya duka lile huketi mtu aitwaye Mshale. Vijana hawamjui. Ndiye aliyekuwa winga mwenye mbio kuliko wote waliowahi kuvaa jezi yetu, naye pia alikuwa na sahani yake kwenye duka fulani, enzi zake. Alistaafu akiwa bado kijana, magoti yakiwa yamegoma kubeba kilichoongezeka juu yake. Siku hizi kiti kimoja hakimtoshi vizuri. Aliinua uso akamtazama Tufani bila kejeli hata chembe.

"Kula tu, mdogo wangu," alisema taratibu. "Hata mimi nilisema moja tu."

Kisha akairudia soseji yake. Makofi yakafifia. Tufani alibaki na ile chipsi hewani muda mrefu hadi mayonezi ikamdondokea kidoleni. Halafu akairudisha sahanini, akasimama, akaibeba sahani kwa mikono miwili, akamkabili Karai, na haya ndiyo maneno aliyoyanena, nami nayatoa kama nilivyoyapokea:

"Kaka, ulinilisha nikiwa na njaa, na sitasahau hata nikizeeka. Lakini leo sina njaa, nina mechi. Niruhusu mimi niwalishe watu wako."

Akaanza kuwagawia. Kwa mkono wake mwenyewe akamtia chipsi mdomoni kinyozi, akamtia muuza magazeti, akawatia mashabiki waliokuwa wanaimba, akachana kuku na kugawa minofu, na Mshale akapata paja. Mimi nilikataa mara ya kwanza kwa mshikamano, nikakubali mara ya pili kwa udhaifu. Sahani ikaisha. Watu wakashangilia wakidhani vita vimekwisha.

Wajinga! Vita vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza. Kwa maana shujaa alibaki amesimama katikati ya mtaa, na vidole vyake vyote vinameremeta. Mafuta, chumvi, mayonezi, ukoko wa kuku umenasa kuchani. Na ni nani kati yenu, semeni kweli, ni nani aliyewahi kugawa kuku asilambe vidole? Hata watawa hulamba. Mikono ikapanda yenyewe kuelekea kinywani. Midomo ikaachana. Niliuona ulimi, enyi watu, ncha yake ilijitokeza, ikatazama kushoto, ikatazama kulia.

Ulimi ukarudi ndani.

Tufani aligeuka, akaenda hadi kwenye bomba la kunawia ukutani, akalifungua kwa kiwiko, akachukua sabuni akasugua. Akasugua viganja, akasugua katikati ya vidole, akasugua hata chini ya kucha, maji yakatiririka na mafuta yakaenda zake. Karai alimfuata akampa kitambaa safi, akasimama akimtazama anavyojifuta.

"Kesho nafunga duka," Karai alisema. "Nitakuwa jukwaani."

Asubuhi yake ikawa Kuvikwa. Jezi ilitoka kwa Shangazi ikiwa nyembamba, imerudi ilivyozaliwa. Iliingia kichwani, ikakwama mabegani, ikabembelezwa, ikashuka kifuani, ikasita tumboni, na Shangazi akatoka nje kwa sababu hakuweza kutazama. Kisha ikashuka yote. Tufani akanyanyua mikono juu. Kocha akapiga goti, akainamisha kichwa, akakitafuta kitovu kwa dhati, upande huu na upande huu. Akamwomba shujaa avute pumzi, kisha aitoe yote, maana alikuwa mtu asiyeamini kirahisi. Akazifunua mbavu za jezi akaikagua mishono. Hatimaye akanyanyuka akapangusa goti lake.

"Kavae bukta," alisema. "Unaanza."

Nikaenda nje kumwambia Shangazi, nikashindwa kusema, nikaishia kulia, naye akaelewa vibaya akalia zaidi, ikabidi Tufani mwenyewe atoke na ile jezi mwilini ndipo tunyamaze.

Mtataka kujua kama alifunga. Hakufunga. Alipiga mlingoti, akapiga mikononi mwa kipa, akapiga moja ikaenda kwa mafundi wa bomba. Tulitoka sare tasa. Lakini katika dakika za mwisho, wakati ambao msimu uliopita angekuwa amekaa benchi na taulo kichwani, Tufani alikuwa bado anakimbia, na beki aliyemkaba ndiye aliyeinama akishika magoti, akimtazama anavyokwenda. Karai alisimama jukwaani akapiga kelele hadi sauti ikamkauka.

Kwa hiyo wanaotaka mabao waende kwa wasimulizi wa mabao, wapo wengi na wote ni waongo. Mimi nilikuja kuwapa habari ya mwanamume aliyesimama barabarani na kuku kwenye vidole vyote vya mikono yake, akatafuta sabuni. Waambieni watoto wenu kwamba jambo hilo limewahi kutokea duniani, na kwamba mjaza upepo alikuwepo akaliona kwa macho mawili, ukiacha lile alilolifumba.