Maziwa ya Manjano na Safari ya Wagon

Misa ya asubuhi ilikuwa imetoka tu, na Sirène tayari alikuwa kwenye benchi la Rustine, habari ikimwasha ulimi. Padri alimbatiza Zéphirin, lakini cité nzima ya Kenya, ule mtaa wa Waafrika kando ya mji, ilimwita Sirène, yaani king'ora, kwa kuwa mdomo wake ulilia kabla ya kile cha kiwanda.

"Mulisikia? Kwa ule muzungu wa maziwa, njia ya Kinsevere, kitoto ya ngombe ingine ilikufa!"

Rustine, fundi wa baiskeli na mwenye benchi, hakuinua kichwa. Alikuwa amezamisha mpira wa ndani kwenye karai la maji, akitafuta tundu.

"Ilikufa na nini?"

"Tumbo. Inahara, inahara, asubui unakuta miguu iko yulu."

"Bulozi," akasema Rustine.

"Bulozi gani? Mulozi aache bosi muzima, mwenye mafuta na kofia, aloge kitoto ya ngombe?"

"Mulozi naye anaanza na kazi kidogo. Weye ulianza na kazi kubwa?"

Pembeni ya benchi Ngosa alicheka kuliko kichekesho chenyewe kilivyostahili. Huyu ndiye waliyemwita Wagon: fundi wa reli, mzito wa kuanza, lakini akishaanza hasimami. Leo kila kitu kilimchekesha. Alfajiri mkewe Wivine alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wa kwanza. Mama yake Ngosa, aliyekuja kutoka Pweto na kikapu cha samaki wakavu kwa ajili ya uzazi huo, alimfukuza nyumbani papo hapo: mwanamume katika nyumba ya mzazi ni kiti kisicho na miguu. Ndiyo maana alikuwa hapa, akinywa munkoyo, togwa ya pongezi, na kusubiri kuitwa.

Mara Mukia akatokea na velo, baiskeli yake. Mukia, yaani Nkandu, alikuwa mkamuaji kwa muzungu yuleyule, na jina alilipata kwa mikia iliyokuwa ikimchapa uso kila asubuhi. Macho yote yalienda nyuma ya velo. Palikuwa patupu.

"Mukia," akasema Sirène kwa huzuni ya kweli, "sufuria iko wapi? Banasema ngombe ilizala jana."

Kila ng'ombe alipozaa, Mukia aliwaletea maziwa ya kwanza, yale mazito, ya manjano. Waliyachemsha kwenye mbabula ya makaa yakaganda kama yai, wakanyunyiza sukari, wakala kimya kama watu wa kanisani.

"Sufuria ilikatazwa. Iko munganga mupya wa ngombe, alitoka Bulaya. Alikuya jana, akapasua ile yenye kufa, akatuita siye bote. Akasema, kitoto ya ngombe inazaliwa butupu. Mu damu yake hamuna hata askari moja."

"Askari ya nini?"

"Ya kupigana na magonjwa! Baaskari biko mu ile maziwa ya manjano. Kitoto inatoka tu, unaipa mbio mbio, inakunywa ya kushiba, baaskari banapita mu matumbo, banaingia mu damu. Ukichelewa, matumbo inafunga mulango. Kesho yake hata uipe ndoo muzima, inapita bure."

Rustine akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Aa, hiyo mi nasikia. Sawa siye na couvre-feu ya usiku. Saa ikipita, barrière ya polisi iko chini, haupite, hata ulie."

"Njo vile," Mukia akaitikia.

"Sasa, Mukia," Sirène akasema polepole, "ile baaskari ulikuwa unaipeleka wapi?"

Mmoja mmoja wakatazama matumbo yao.

"Mama wee!" Rustine akajipiga paja. "Njo maana mwaka hii sikugonjwa hata mafua!"

"Miye humu ndani iko camp militaire muzima, na clairon ya kupuliza!" akasema Wagon.

"Bulozi uliutafuta, Rustine. Buko hapa ku benchi yako, na sukari yulu!" akadakia Sirène.

Wakacheka mpaka karai likamwagika. Mukia peke yake hakucheka.

"Muzungu mwenyewe alituambiaka ile maziwa haiko muzuri, inaharibu ingine mu bidon ya maziwa, tutupe. Nani atatupa chakula? Na kitoto tulikuwa tunaipa nyeupe, ya ngombe ingine. Safi kabisa."

"Safi, na haina hata askari moja," akasema Rustine.

"Munacheka. Jana ile ingine ilizaliwa, kichwa inashindwa kuinua. Nikapiga magoti mu majani na chupa ya ile ya manjano. Nikatia kidole mu kinywa, nikaibembeleza sawa mutoto. Ikanyonya. Leo asubui naingia, imesimama! Ikanipiga kichwa hapa." Akaonyesha tumbo lake, na uso wake ukang'aa. "Ikanipiga tena."

Hata Sirène alisahau kutania. Kisha akakumbuka kuwa yeye ni Sirène.

"Lakini muntu haiko ngombe. Kwetu bamama banakamua ile ya kwanza, banaimwanga chini. Banasema buchafu."

Kikombe cha Wagon kilisimama njiani kuelekea mdomoni. Masikioni mwake ilirudi sauti ya mama yake ya alfajiri ile, alipokuwa akimsukuma nje: *Ile ya manjano tutaimwanga, mutoto apewe maji ya sukari.* Alikuwa amemwitikia mama, "Ndiyo, Mayo," kama mtoto mwema.

Akainuka.

"Wagon, unaenda wapi?"

Wagon alinyakua velo iliyokuwa karibu, akairukia.

"Ile haina mupira!" Rustine akapiga kelele, mpira wenyewe ukimdondoka maji mkononi. "Mupira ninao hapa!"

Chuma kikalia juu ya mawe barabara nzima, watu wa soko wakipisha.

Alimkuta mama yake amejaa mlangoni. Ndani Wivine alikuwa kitandani, mtoto kifuani juu ya nguo, akilia. Kikombe cha maji ya sukari kilikuwa juu ya kiti.

"Mayo! Mulishamwanga?"

"Bado. Bibi yako Wivine anakataa kukamua. Sema naye."

"Asikamue! Mutoto anyonye ile ile ya manjano, sasa hivi!"

Mama yake alimtazama jasho, vumbi, na velo iliyopinda nyuma yake.

"Nani alikufundisha mambo ya bamama?"

Wagon aliegemeza velo ukutani.

"Ngombe, Mayo."

"Ngombe." Mama akaweka mikono kiunoni. "Nilizala batoto, nikabalea bakakuwa bakubwa. Weye mwenyewe nilikumwangiaka yote, hata tone hukuonja. Na leo uko namna gani?"

Kutoka kitandani ilisikika sauti ndogo, yenye adabu zote.

"Mama, njo ile mi naogopa."

Mama alimgeukia mkwewe, akamgeukia mwanawe. Alijaribu kukasirika, mdomo ukakataa. Kicheko kilimshika ghafla, akaegemea mlango akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Alipopata pumzi alichukua kikombe cha maji ya sukari, akakinywa mwenyewe mpaka mwisho, akamfungulia Wivine nguo kifuani, akamsogeza mtoto.

"Haya, anyonye," akasema. "Lakini akianza kulia *muu*, musiniite."