Malalamiko Kuhusu Chekecheke Lililokataa Shayiri Yetu

Kwa Mkuu wa Mapokezi ya Nafaka,
Kiwanda cha Kimea.

Shikamoo bosi. Mimi ni yule kijana aliyekaa juu ya magunia pale getini. Hukuniona, na wala sikulaumu, hata nyumbani watu hunikalia. Shule niliishia njiani, mwandiko nisamehe. Shayiri yetu mmeikataa, na kwa heshima zote nalalamika:

1. Mmesema punje zetu nyembamba, zinapita kwenye matundu badala ya kubaki juu ya chekecheke. Bosi, mvua ilikatika masuke yakiwa ndiyo yanaanza kujaza. Kwa jua lile hata wewe, samahani, ungepita.

2. Mkasema tena protini imezidi, haifai kwa kimea cha bia. Hapo nikachoka. Dada yangu kila akipeleka mtoto kliniki anaambiwa protini haitoshi. Kijana wenu wa maabara akanieleza: ukame ukiwahi punje, wanga haujai, protini ndiyo inaonekana nyingi. Sasa wanga ndio haukuja, mbona anaadhibiwa aliyekuja?

3. Yule anayetikisa chekecheke nimemtazama sana. Chai ikikaribia anatikisa kwa hasira. Sisi zamu yetu ilifika chai ikikaribia. Naomba awe anakunywa kwanza.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Kuna binti nataka kumwoa. Baba yake, jirani yetu, alipanda mbegu fupi inayowahi kukomaa. Sisi tulipanda ile ndefu, inajivuta, jua likaikuta bado haijajaza. Alipoona lori letu linarudi na mzigo akamwambia mama mbele ya watu kwamba kwetu kila mbegu inachelewa kujaza, hadi huyu kijana, na kwamba shayiri ipokelewe kwanza ndiyo nilete barua ya uchumba. Watu wakacheka. Binti hakucheka, ila aliangalia chini, na mimi sijalala vizuri tangu hapo.

5. Kwa hiyo naomba matundu ya chekecheke yapunguzwe kidogo. Ikishindikana, yachekecheni mawingu, maana ndiyo yaliyoanza. Ikishindikana na hilo, nipeni cheti chenye muhuri kwamba wembamba ni wa shayiri, si wa tabia yangu.

Nisalimie mlinzi, kijana wa maabara, mama wa chai, na yule wa chekecheke pia, sina kinyongo naye.

Ni mimi, ninayesubiri jibu kwa adabu,
Kijana wa Juu ya Magunia

N.B. Bosi, chekecheke msiliguse! Barua hii ikiwa bado mfukoni, lori la baba wa binti nalo limerudi na mzigo. Punje zake zimenona, lakini protini imezidi, eti alizidisha mbolea. Amekuja kwetu kwa miguu yake, akakaa na mama wakiwasema nyinyi mpaka uji ukapoa. Mimi akaniita mwanangu, akauliza barua ya uchumba naleta lini, mbona nachelewa. Tafadhali endeleeni kukataa mpaka harusi ipite. Mkipokea hata debe lake moja, nimekwisha.