Kilo Kumi na Tano za Johannesburg

Jumatatu, 6 Machi 1995

Ma sœur Marceline, mtawa muuguzi wa zahanati ya misheni, amenisikiliza kifua. Akasikiliza mgongo. Akaniambia nivue na fulana, akasikiliza tena, kana kwamba anatafuta kituo cha redio. Kisha akasema mafuta ya shingo yananiziba koo nikilala. Pumzi inasimama, halafu inaanza tena. Iko siku, akasema, haitaanza.

Nikamweleza kwamba mimi nalala vizuri mno. Akajibu kwamba hakuniuliza mimi, amemuuliza mke wangu.

Kumbe Berthe amekuwa akisema! Ati kila usiku hukaa macho, mkono juu ya kifua changu, na pumzi ikisimama ananisukuma mpaka irudi. Mwaka wa pili sasa. Sikuwa na habari. Ndiyo maana husinzia mchana mbele ya karai la vitumbua, na wiki iliyopita akaunguza karai zima. Mimi nilidhani ni uchovu wa Kwaresima.

Amri za ma sœur: bukari, yaani ugali, nusu, bia hapana, vitumbua hapana kabisa, na kila asubuhi kwenda mtaa wa Panda na kurudi. Kwa miguu.

Nakiri kwamba kunenepa mwaka huu ni aibu. Mji mzima umekonda. Tangu kiwanda kiliporudisha nyumbani sisi watunza ghala, wenzangu wamelima, wamechoma makaa, wengine wanajipenyeza mgodi wa Shinkolobwe kuchimba. Mimi nimekaa kando ya karai la Berthe kulinda biashara. Na mlinzi lazima aonje.

Nimemwambia ma sœur kwamba nitalitafakari.

Jumatano, 8 Machi

Habari kubwa! Ricky, yule wa Panda anayeleta vipuri vya magari kutoka Afrika ya Kusini, anasema huko Johannesburg kuna daktari anayepasua tumbo na kulifunga likabaki dogo kama yai. Mgonjwa anakula vijiko vitatu, ameshiba. Anarudi kwake mwembamba kama katekista.

Nimepima pande zote mbili bila upendeleo, kama nilivyopima mali ghalani. Upande wa ma sœur: njaa, jasho, mbwa wa njia ya Panda, na kazi yote naifanya mwenyewe. Upande wa Johannesburg: nalala, mwingine anafanya kazi, naamka. Kwa mtu aliyefika sekondari, hakuna mjadala.

Ricky atapanga kila kitu. Malipo yake ni Peugeot yangu ya mizigo. Haijaenda popote tangu petroli ilipoanza kuuzwa kwa chupa kama manukato, na kuku wa Berthe wanataga juu ya kiti cha dereva. Berthe sijamwambia. Kuku ni wake, na mimi ni wake. Si vizuri kumsumbua kwa mambo mawili pamoja.

Jumamosi, 11 Machi

Daktari anataka kujua uzito. Mzani wa zahanati unaishia kilo mia na ishirini. Nilipoupanda, mshale ulikimbia hadi mwisho ukatetemeka hapo, ma sœur akaniomba nishuke kwa hisani yangu.

Ikabidi niende kwenye depo ya mahindi ya Symphorien, kaka yake Berthe. Mtu mwenye tumbo kama langu na ulimi mbaya kuliko wangu. Akasema baskuli yake, mzani mkubwa wa depo, imezoea magunia, ambayo angalau hufungwa mdomo. Wanunuzi wakasogea. Nikapanda. Mia moja arobaini na moja! Mama mmoja mwenye beseni akamwambia Symphorien:

“Patron, kama unauzisha huyu, mi nabeba nusu tu. Muzima hataenea mu nyungu.”

Walicheka sana. Nikamshauri Symphorien apande naye, kwa haki. Mia ishirini na nane. Nilimshinda kwa mbali, na niliondoka nikiwa nimefurahi. Njiani tu ndipo nilipojiuliza nilikuwa nafurahia nini.

Jumatano, 15 Machi

Siku mbaya. Tulikubaliana Ricky akae Lubumbashi penye simu inayofika Johannesburg, naye anisemeshe kwa phonie. Nilidhani phonie itakuwa jambo la faragha. Nilisahau phonie ni nini. Chumba kimoja, redio moja, benchi limejaa watu wanaosubiri zamu, na mawimbi mabovu yanayomlazimisha mtu kupiga kelele.

Nikatamka uzito wangu na habari ya pumzi kwa sauti ya chini, nikasema “à vous”, zamu yako. Ricky hakusikia. Nikarudia. Hakusikia. Jean, mwendesha phonie, akaninyang'anya kipaza sauti akatangaza mia-moja-arobaini-na-moja kama mtu anayeita treni. Benchi zima likageuka.

Ricky akapiga simu Johannesburg, akarudi redioni. Jibu likatoka katika redio, safi kabisa, bila hata mkwaruzo: daktari hawezi kumlaza kwa dawa ya usingizi mtu ambaye pumzi yake husimama. Kwanza nipunguze kilo kumi na tano mwenyewe. Nile kidogo. Nitembee. Ndipo atanipasua.

Mzee mmoja wa benchini akauliza kwa upole:

“Sasa papa, kama unapunguka weye mwenyewe, kule unaenda kufanya nini?”

Nikamjibu kwamba sayansi ina hatua zake.

Mama Gertrude wa kwaya alikuwa hapo benchini. Akaacha zamu yake akatoka. Nilipofika nyumbani, Berthe alikuwa anajua uzito, anajua Johannesburg, anajua Peugeot. Nilingoja kelele. Hazikuja. Aliendelea kukanda unga, mgongo kwangu, kisha akasema:

“Kule bakikulalisha, nani ataweka mukono pa kifua yako? Ule docteur anakujua?”

Nikaenda kuangalia kuku.

Jumatatu, 20 Machi

Nimeanza kutembea. Iandikwe wazi: hii si diete ya ma sœur. Ni maandalizi ya upasuaji. Bukari nusu, vivyo hivyo: maandalizi. Ma sœur alinipita njiani na baiskeli yake akanipongeza. Nikamsahihisha. Akasema amefurahi kwa vyovyote vile.

Nilifika nusu ya njia. Pale nilimsalimia fundi viatu nisiyemjua, nikamuuliza habari za watoto wake wote, mmoja mmoja, mpaka pumzi iliponirudia. Mtu mwema. Kesho nitamuuliza habari za wajukuu.

Ijumaa, 24 Machi

Balaa! Symphorien naye yuko njiani. Amevaa mavazi ya michezo ya kijani ya mitumba, yamembana kama ganda la ndizi. Anasema anakwenda Panda kuangalia magunia. Kwa miguu? Ndiyo, shemeki, magunia hayana haraka. Nikamwambia nami nina shughuli Panda. Tukaenda sambamba tukizungumza kwa raha, kila mmoja akingoja mwenzake afe kwanza. Mwishowe tulisimama wote wawili kumsalimia fundi viatu. Sasa alikuwa na wateja wa kudumu, ila hatukuwa na viatu vya kumpa.

Baadaye nilijua ukweli kwa Berthe. Symphorien naye amemuuliza Ricky habari za Johannesburg. Anataka kutangulia. Ameona hatari ya mimi kurudi mwembamba yeye akabaki tumbo la pekee la ukoo.

Jumamosi, 22 Aprili

Baskuli. Mia thelathini na mbili! Symphorien mia ishirini na mbili. Akasema bado ananiona mzito. Nikamwambia nimeshuka nusu debe la mafuta, yeye robo tu. Tukabishana mpaka wanunuzi wakaomba baskuli yao kwa ajili ya mahindi.

Suruali inaanguka. Nimetoboa mkanda kwa msumari.

Jumapili, 14 Mei

Jambo ambalo sikuliwekea hesabu. Watu wameanza kunisalimia kwa sauti ndogo. Mwenzangu wa zamani wa ghala alinishika mkono akaushikilia, akasema tuko pamoja. Jirani amemuuliza Berthe, kwa heshima, Peugeot itabaki kwa nani. Katika mji huu, mwaka huu, mtu mnene akikonda ghafla hakuna anayedhani anatembea. Wanajua ugonjwa. Wanalijua na jina lake, ila hawalitaji.

Leo baada ya misa kwaya ya akina mama imekuja kwetu yote. Wimbo kwanza, sala pili, kisha wakafunua masufuria. Bukari mlima mzima, sombe ya majani ya muhogo na karanga, samaki, kuku mmoja ambaye nadhani nyumba tatu zilijinyima kwa ajili yake. Nikasema asante, ila niko kwenye maandalizi. Wakatazamana. Mama Gertrude akanisogezea sahani taratibu:

“Kula, papa Albert. Bale baliacha kula tulishabazika bote.”

Ningefanya nini? Nikikataa, nimekufa. Nikala. Kila nilipomeza waliitikia amina. Mguu wa kuku, amina. Nikamaliza mlima. Walitoka wakiimba, wengine wana machozi, wameokoa roho. Berthe alikuwa nyuma ya mlango, anacheka ndani ya kitenge.

Nimeongezeka kilo mbili. Lakini nimepata moyo: watu wasio na unga nyumbani kwao wameniletea kuku. Nimeamua kwa ajili yao: nikifa, nife kesho, si leo.

Jumatatu, 5 Juni

Sikulala vizuri. Berthe anakoroma! Ndoa ya miaka yote hii na sikuwahi kujua. Kumbe hakuwahi kulala kabla yangu. Ma sœur alimuuliza Jumamosi kama bado anakaa macho, akasema pumzi yangu haijasimama tangu Pasaka, kwa hiyo analala.

Analala kweli. Kama kinu cha mahindi. Katikati ya ngurumo moja akanyamaza ghafla, nami nikashtuka. Nikaweka mkono kifuani mwake nione. Anapumua. Nikauacha hapo, kwa usalama.

Vitumbua havijaungua hata mara moja mwezi mzima sasa. Sijui ni mafuta gani ananunua siku hizi.

Jumamosi, 1 Julai

Ilikuwa iwe siku yangu ya ushindi. Baskuli: mia ishirini na tano! Kilo kumi na tano, na moja ya ziada ya heshima. Nikaenda moja kwa moja phonie, suruali nimeishika kwa mkono. Benchi limejaa. Mimi mwenyewe nikautangaza uzito, na kwamba pumzi haisimami tena, mara moja tu, na Lubumbashi wakanisikia. Benchi likapiga makofi.

Ricky akaulizia. Akarudi. Alikuwa anasitasita, nikamwambia aseme, à vous.

Daktari ananipongeza. Ananipongeza sana. Ameuliza pumzi, ameambiwa haisimami tena. Basi hanipasui. Anasema hafungi tumbo la mtu anayeweza kulifunga mwenyewe. Niendelee hivyo hivyo. Terminé, mwisho wa mazungumzo.

Nikasimama na kipaza sauti mkononi. Karibu miezi minne ya maandalizi! Nimetembea mpaka nimejikosesha upasuaji. Kama ningekaa nyumbani kwa nidhamu, leo ningekuwa Johannesburg.

Yule mzee wa Machi alikuwa tena benchini. Alinipisha tu nikae.

Alhamisi, 6 Julai

Nimelifikiri jambo hili siku tano na nimepata njia. Ni rahisi. Nanenepa tena hadi nistahili. Kisha namwambia daktari kwamba safari hii siwezi kabisa. Kosa la kwanza lilikuwa kuweza.

Nimemweleza Berthe mpango mzima, maana siri na phonie nimeshaona mwisho wake. Uso wake ulibadilika. Akaweka mkono kifuani pake mwenyewe. Nilifikiri sasa kelele zinakuja, zile za Machi zilizochelewa. Badala yake akaingia ndani akatoka na karai. Lote. Vitumbua vya moto vya siku nzima ya soko. Akaliweka mbele yangu, akaketi juu ya kigoda, akakunja mikono.

“Haya. Kula, papa Albert. Miye niko hapa.”

Cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili kwa maji. Cha tatu nilikifikisha nusu, nikakizungusha mdomoni, nikaangalia kuku. Nikashindwa. Mimi! Nikapumzika, nikajaribu tena kwa upande mwingine wa mdomo. Tumbo limekataa, limekuwa dogo bila idhini ya mtu yeyote.

Berthe alichukua ile nusu akaila mwenyewe, taratibu, akinitazama, kisha akabeba karai kwenda sokoni. Nilimsikia akiimba hadi kona ya barabara.

Jumamosi, 8 Julai

Nimechunguza dalili zangu kwa utaratibu. Hamu ya chakula imepungua. Bia moja inanitosha, na ya pili inanichukiza. Nikikosa kutembea asubuhi miguu inawasha. Usiku nalala kimya, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilijaribu juzi, jana na leo kula sahani nzima ya bukari, sikumaliza. Huu ni ugonjwa, na si wa kuachiwa zahanati.

Nimekwisha fikiri. Kama huko Johannesburg yuko daktari wa kufunga matumbo, lazima yuko na wa kuyafungua. Ricky atajua. Akifunguliwa mtu, ananenepa, akinenepa, anastahili, akistahili, anafungwa. Safari mbili kwa Peugeot moja, nadhani atakubali.

Ricky amerudi kwake Panda. Kesho alfajiri nakwenda kumtafuta. Nitakwenda kwa miguu, ni hapo tu.

Nimemjulisha Berthe. Nilitegemea upinzani. Kumbe amekubali mara moja! Amesema niondoke mapema kabla ya jua, nirudi kwa njia ile ile, na nikimkosa Ricky nisikate tamaa, nirudie keshokutwa, na siku inayofuata, hata mwaka mzima ikibidi. Amenishonea na mkanda mpya, mdogo.

Imechukua muda, lakini hatimaye Berthe ameiamini sayansi.