Mshipa Uliopanda Sikioni

Jumatatu, 4 Machi
Sikio la kulia linavuma. Shwaa, shwaa, shwaa, sawasawa na mapigo ya moyo. Fundi saa mzima, kichwani mwangu kitu kinakwenda mbio kuliko saa zote dukani! Mke wangu ameniambia niende hospitali. Nimemwambia nitaona. Fundi redio, jirani yangu wa duka, akijua nimekwisha. Mdomo wake hauna breki.

Jumanne, 5 Machi
Ugunduzi! Nikibonyeza shingo chini ya sikio, kimya. Nimejitengenezea kola ya kadibodi inayobonyeza yenyewe. Nikaenda nayo kazini, kidevu juu kama bwana mkubwa. Kufika saa nne naona nyota. Mteja akauliza nimevunjika lini. Fundi redio alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 6 Machi
Ni mdudu. Lazima awe mdudu! Nikachukua kibano changu chembamba kuliko vyote, nikainamisha kichwa. Ndipo shemeji, mdogo wa mke wangu, akatokea mlangoni. Muuguzi. Alipiga kelele, mteja akaacha saa yake akakimbia. Nimeburutwa kliniki nikiwa bado na aproni yangu.
Daktari wa masikio, mama mpole, alimulika. Akamulika tena. Akasema nyuma ya ngoma ya sikio pana kitu cha buluu: labda mshipa, labda uvimbe. Kisiguswe. Kesho picha ya kichwa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemshika mke wangu mkono muda wote benchini, tukingoja majibu ya picha. Sikuwa na mpango wowote. Hata mmoja.
Si uvimbe! Ni mshipa mkubwa unaoshusha damu kutoka kichwani. Wangu umepanda juu mno, na kijifupa cha kuukinga hakipo. Nimezaliwa nao. Ni nadra. Daktari akasema kibano kingeutoboa, kuizuia ile damu ingekuwa kazi.
Hakuna upasuaji. Nisichokoe, nipimwe kila mwaka, nimwambie kila daktari atakayeligusa sikio hili. Mvumo nitauzoea, redio ya sauti ndogo husaidia. Fundi redio ameniletea yake, ameiweka mezani bila utani. Nilitoa machozi. Nimesingizia vumbi.

Jumapili, 10 Machi
Nimeamka mwepesi, nina hamu ya kuishi! Ila kope la kushoto linachezacheza. Mke wangu anasema hospitali. Kwa kope? Ninayo gundi ya vioo vya saa, inashika ajabu. Nangoja tu shemeji, aliyekuja kunitazama, atoke.