Mafuta ya Sikio Mbele ya Walimu

Leo nimeaibika, jameni, na nimeaibikia ofisini kwa mwalimu mkuu.

Niliitwa. Kuna wazazi walimwambia kwamba kila asubuhi mimi humpiga binti yangu Adhiambo, huyu Adhis wangu, shoti ya umeme kabla ya kumleta shule. Tena Adhis alikuwa anatoka darasani bila ruhusa. Mwalimu akasema nije tuongee, pengine afadhali mtoto aende shule maalum ya bweni huko Migori. Sisi tuko Sindo. Adhis hajawahi kulala mbali na mimi. (Niseme ukweli, mwalimu si mtu mbaya. Darasa limejaa na mwalimu wake ni mmoja.)

Adhis ana usonji. Maneno yake ni machache, na kutulia kwake ni kazi. Kuna madaktari Homa Bay wanaojaribu kimashine kwa watoto kama yeye. Ni kidogo kama kabambe, ile simu ya vibonyezo, kina waya, na mwisho wa waya kuna kibanio cha kushika sikio la kushoto. Kinatuma umeme mdogo sana kwa neva fulani inayotoka kwa ubongo ikishuka hadi tumboni, na tawi lake linapita sikioni. Hakuna kupasuliwa. (Hivyo ndivyo nesi alinieleza. Mimi niliishia darasa la nane, nikikosea mnirekebishe.) Tangu tuanze naona anatulia kidogo. Lakini nesi mwenyewe alisema bado wanachunguza, huenda ni mashine, huenda ni mtoto anakua tu. Kwa hivyo siapi.

Basi leo nikajipanga. Nikaoga, nikavaa nguo ya kanisa, nikajipaka mafuta mpaka nikang'aa. Shingo, mikono, hadi masikio. Huwezi kwenda kwa walimu umepauka.

Ofisini nilimkuta mwalimu mkuu na Madam Awuor, mwalimu wa Adhis. Chai iko mezani, nami nikaiweka mashine kando yake. Adhis akakaa kando yangu akichezea pindo la sketi.

"Mama Adhis," mwalimu mkuu akaanza, "hii kitu inaumiza mtoto?"

"Haiumizi, mwalimu. Wacha nikuonyeshe na sikio langu mwenyewe."

(Hapo ndipo ningefaa kunyamaza.)

Nikabana kibanio, nikawasha. Kawaida unasikia kama siafu anatembea. Sikusikia kitu. Nikaongeza. Kimya. Nikaongeza tena, huku nikitabasamu.

"Unaona, mwalimu? Nimefika mwisho na bado napiga stori na wewe."

"Imewaka kweli?" Madam Awuor akauliza.

"Si taa ndiyo hiyo, madam. Sisi wengine tumezoea."

Adhis alikuwa ameacha sketi. Anaangalia sikio langu. Kwake kila kazi ina hatua zake, na ukiruka moja hana amani. Hatua ya kwanza ni kupangusa sikio kwa pamba yenye maji, kwa sababu mafuta yanazuia umeme kupita. Mimi nilikuwa nimeiruka, na nilikuwa nimepakwa mafuta kama chapati.

Akasimama. Akanitoa kibanio. Akachukua pamba kwa mfuko wa mashine, akailowesha, akanipangusa sikio polepole, mbele na nyuma, vile mimi humfanyia.

"Pangusa kwanza, mama," akasema.

Hamjui maneno hayo ni nini kwangu. Matatu, yamefuatana, mbele ya wageni. Machozi yakanilenga. Nikamgeukia mwalimu mkuu nimuulize kama amesikia.

Adhis akarudisha kibanio.

Mashine bado ilikuwa mwisho.

"Uwi, mayo!"

Nilitoka kwa kiti kama mtu aliyekalia mzinga wa nyuki. Kiti kikaanguka, goti likagonga meza, chai ikamwagikia mwalimu mkuu kwa suruali. Nilisema maneno ya Kijaluo ambayo ile nguo ya kanisa haijawahi kuyasikia. Dirisha lilikuwa wazi, na nje gredi ya nne walikuwa wanacheza. Wote wakaja kuchungulia.

Adhis peke yake hakushtuka. Akazima mashine. Akanitoa kibanio, akakunja waya. Akaketi, mikono juu ya magoti, akaningoja nitulie.

Madam Awuor alikuwa ameficha uso kwa kitambaa, mabega yanatetemeka.

"Mwalimu," nikasema nikishika sikio, "kosa si la mashine, ni langu. Yeye huwa tunamwanzia chini kabisa, na akisikia siafu tunaachia hapo. Haijawahi kumliza."

Mwalimu mkuu akajipangusa suruali.

"Nimeona," akasema. "Na anayetoka kwa kiti bila ruhusa hapa ni mama. Mtoto ametulia. Madam, mrudishe darasani. Hayo ya bweni tuyaweke kando muhula huu."

Hakusema milele, amesema muhula huu. Nimeshukuru hivyo hivyo. Adhis akaondoka na madam bila hata kuniaga, na mimi nikabaki nikiokota vikombe, sikio linawaka, nacheka peke yangu kwa furaha ya mtoto wangu.

Jioni hii watoto wa gredi ya nne wanazunguka mtaani wakiigiza nilivyoruka. Wao wacha waigize. Lakini nyinyi watu wazima, mkipita kesho kwa meza yangu ya samaki, pale ninapouza omena, ulizeni bei tu.