Meneja Mstaafu wa Laini ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Nimepita! Ujumbe umeingia asubuhi nikichemsha chai. Kampuni kubwa ya bima, ile yenye jengo la vioo mkabala na benki, inaniita kwenye usaili. Nafasi: mpokea simu, kitengo cha malalamiko. Kazi yenyewe ni kukaa na simu sikioni kutwa nzima, watu wanakupigia mmoja baada ya mwingine, na huruhusiwi kumkatia mtu. Yaani unalipwa kwa kupigiwa! Nimeusoma ujumbe huo mpaka chai ikafurika na kuzima jiko.

Mtu wa mwisho kunipigia alikuwa dada yangu, Jumapili. Hupiga kila Jumapili akimaliza kufua, hunihubiria kidogo, kisha husema salio linakwisha. Tangu ifungwe ile stoo ya vifaa vya ofisi niliyokuwa nafanyia kazi, wengine wanaonikumbuka ni kampuni ya simu tu, na wao wananikumbuka ili ninunue bando. Juzi niliwajibu asante. Ujumbe ukagoma kwenda.

Kuna kikwazo. Fomu inataka wadhamini wawili, watu wanaonifahamu vizuri na wasio ndugu zangu. Nimekaa kitandani kuwatafuta kichwani. Mama mwenye nyumba ananifahamu, lakini anachofahamu hasa ni kwamba naacha taa ya choo ikiwaka. Kinyozi? Nina upara. Bosi wa stoo alihama bila kuaga. Nikaendelea kufikiri mpaka mgongo ukauma, na hakuna aliyeongezeka.

Basi, wa kwanza ni mama mwenye nyumba, potelea mbali. Wa pili ni Meneja Mstaafu. Hayupo duniani, lakini hilo ni jambo dogo. Nina laini ya pili, nina simu ya vitufe kwenye droo, na nikishusha kidevu kifuani natoa sauti ya mtu mwenye kitambi na heshima zake. Simu yake nimeiwekea mlio wa jogoo ili nisichanganye nani anapigiwa. Wacha waje!

Jumatano, 5 Machi

Hatua ya kwanza, mtihani wa kuandika. Ukumbi umejaa vijana waliopiga pasi mpaka soksi. Pembeni yangu kaketi jamaa wa makamo, tai nyekundu, viatu vinang'aa. Nikamwona tu nikajua: huyu ndiye adui.

Maswali yenyewe ya ajabu. Je, unapenda kuwa na watu? Napenda sana. Je, wenzako hukutafuta wakiwa na shida? Kila mara. Je, unasema ukweli hata ukikuumiza? Kila mara. Kalamu yangu ikakata wino hapo hapo. Tai Nyekundu akanisogezea ya kwake ya akiba bila neno. Nikaikagua kwanza. Mtu hampi mpinzani wake kalamu nzima hivi hivi, lazima kuna kitu. Ikaandika vizuri mpaka mwisho, jambo lililonitia shaka zaidi.

Nje akaniambia yeye pia alikaa muda mrefu bila kazi, na kwamba nyumbani kwake wameshaanza kumwonea huruma, kitu anachokichukia kuliko njaa. Akaomba namba yangu. Nikampa, nikachukua na ya kwake. Adui ukiwa na namba yake unajua anakoelekea. Kalamu nimeondoka nayo.

Ijumaa, 7 Machi

Hatua ya pili, kazi ya vikundi. Tumepewa karatasi na gundi, tujenge mnara, huku wakubwa wa kampuni wamekaa ukutani wanaandika. Nilikwenda na mpango: kuongea wa kwanza, kuongea wa mwisho, na katikati kuitikia kwa kichwa kama mtu anayepima mambo. Nikapangwa kundi moja na nani? Tai Nyekundu!

Alitaka mnara wenye kitako kipana. Mimi nikashikilia mwembamba mrefu, uonekane na wakubwa. Wengine wakamfuata yeye. Sawa. Nikaona feni la mezani, nikaligeuza kidogo, polepole, kwa ncha ya kiatu, lipulize upande wake. Mnara ukatikisika lakini haukuanguka. Ulichofanya upepo ni kupeperusha karatasi za wakubwa zote mpaka mlangoni. Nikapiga magoti kuziokota pamoja na mkuu wa kitengo. Tuligongana vichwa.

Kilichoniudhi ni mwisho. Walipouliza wazo la kitako kipana lilikuwa la nani, Tai Nyekundu akasema lilikuwa la kundi zima, na kwamba mimi ndiye niliyewafikirisha kuhusu upepo. Alisema hivyo bila hata kutabasamu. Mtu mwenye hila kiasi hicho sijawahi kukutana naye.

Jumapili, 9 Machi

Dada kapiga. Nimemwambia nimeingia hatua ya tatu. Akauliza kama nimekula. Nikamwambia nitakula nikiajiriwa, akasema mimi ni mwehu kama marehemu baba, kisha salio likakwisha. Nimepika wali mwingi kuliko ninaoweza kula. Bado sijazoea sufuria ya mtu mmoja, ingawa nimekuwa mmoja muda wote huu.

Jumatatu, 10 Machi

Jogoo kawika! Nilikuwa naoga. Nimetoka na povu kichwani, nikashusha kidevu, nikasema halo. Ni mama mmoja, ofisa wa ajira wa ile kampuni ya bima, sauti yake tulivu, haina haraka. Akasema ameshazungumza na mama mwenye nyumba, na huyo kamwambia kwamba mpangaji wake hamsumbui mtu, wala hakuna anayekuja kumsumbua. Sasa alitaka kumsikia Meneja.

Nilikuwa nimeandaa sifa za kawaida, mchapakazi, mwaminifu. Lakini yule mama akauliza swali la pembeni: huyu mtu akiwa na wenzake anakuwaje? Na Meneja akafunguka! Akasema kijana wake alikuwa wa mwisho kutoka stoo, anafunga madirisha hata yasiyo yake. Kwamba alijua majina ya watoto wa kila mfanyakazi, na mtoto wa mtu akiugua alikuwa anauliza kesho yake, na kesho kutwa. Kwamba stoo ilipofungwa walipeana namba wote, yeye akazihifadhi, akasubiri. Mama akauliza kama walimpigia. Meneja akasema watu wana mambo mengi.

Wakaongea muda mrefu, wawili hao, mpaka habari za magoti na mvua. Mama ofisa akacheka mara kadhaa. Alipokata, chumba kikawa kimya ghafla, nikajikuta nimesimama na taulo. Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kunisifu namna ile. Nimelia kidogo. Ilikuwa sabuni, lakini si yote.

Jumatano, 12 Machi

Leo hatua ya ajabu kuliko zote. Kampuni hii ina utaratibu wake: anayekaribia kuajiriwa anakwenda kula chakula cha mchana na kitengo kizima, halafu wao wanasema kama wanamtaka. Tumebaki wawili. Sina haja ya kuandika mwingine ni nani, tai yake ilionekana tangu getini.

Meza ndefu, sahani za plastiki, kelele tele. Mpango wangu ulikuwa kumfanya mpinzani aonekane mlafi kwa kumjazia sahani yake kila anapogeuka. Nimesahau! Naapa nimesahau mpango wote. Dada mmoja alikuwa anasimulia mteja aliyedai bima ya gari alilolizamisha mwenyewe kisimani, tukacheka mpaka maji yakanipalia, na mtu akanipiga mgongoni. Mkono wa mtu, mgongoni kwangu. Waliniuliza nakaa wapi, napenda nini, kwa nini sipendi nyanya. Nilijibu yote. Nyanya nazipenda, ila nilitaka waendelee kuuliza.

Chakula kikaisha. Tai Nyekundu akashukuru, akaaga vizuri, akaondoka. Mimi nikaosha sahani. Hakuna aliyeniambia nioshe. Kisha wakarudi ofisini, nikajikuta nimo katikati yao naenda nao. Kulikuwa na kiti kitupu. Nikakaa. Simu iliyo mbele yangu ikalia, na wenzangu wote walikuwa na simu masikioni. Ungefanyaje wewe? Nikapokea. Bibi mmoja, paa limebomoka, hajalipwa, amechoka. Nikamsikiliza. Nikamuuliza anaishi na nani, akasema na paka. Tulikuwa tumefika kwenye tabia za paka, ndipo mlinzi akanigusa bega. Alikuwa na adabu. Alinisubiri nimuage bibi, akanisindikiza mpaka getini, akaniambia wengi hutamani kubaki, ila mimi ndiye wa kwanza kubaki kweli.

Alhamisi, 13 Machi

Sijui niandikeje ya leo.

Mama ofisa kapiga kwenye simu yangu mimi. Roho juu! Akasema kitengo kimewapenda wote wawili, na kwamba simu ya jana ya yule bibi imesikilizwa na wakubwa, hawajui wakasirike au washangae. Kumbe simu zao zote hurekodiwa. Kisha akasema kuna jambo. Tai Nyekundu alipoambiwa aongeze mdhamini mmoja, ametaja mimi. Kasema hatujuani siku nyingi, lakini katika usaili wote mimi ndiye mtu pekee ambaye yeye alimwamini. Akauliza nina lipi la kusema juu yake.

Mtego! Nikauona mchana kweupe. Nikisema ni mzuri, anachukua kazi. Nikisema ni mbaya, naonekana mchongezi. Nikachagua njia ya katikati, ya watu werevu. Nikasema simjui. Hata jina lake silijui. Akauliza, kweli? Nikasema kweli kabisa, labda tumepishana tu mlangoni. Kalamu yake ilikuwa mkononi mwangu wakati nasema.

Akasema basi imebaki kuhakikisha tarehe za kazi yangu stoo, ngoja ampigie Meneja hapo hapo kwa simu ya mezani, nisikate. Kabla sijafungua mdomo, jogoo akawika. Akawika kwenye droo, kwa nguvu zake zote, na mama yule akamsikia kupitia simu yangu. Ningenyamaza! Ningesema nafuga kuku! Badala yake nikavuta droo, nikapokea, nikashusha kidevu, nikasema, "Halo, Meneja hapa." Ikamfikia kwenye masikio yote mawili.

Hakucheka. Ningependa angecheka. Aliweka chini simu ya mezani, Meneja akakatika, tukabaki mimi na yeye.

"Kaka," akasema, "uko peke yako hapo?"

"Ndiyo."

"Hakuna mtu mwingine kabisa wa kukusemea?"

Nikamwambia kuna mama mwenye nyumba. Akasema pole, akaisema polepole kama mtu anayeaga mgonjwa. Akaongeza kwamba aliyoyasema Meneja yalimgusa, na kwamba angependa kujua kama ni ya kweli. Nikasema ya madirisha ni ya kweli. Na ya watoto. Na ya kusubiri. Kisha tukaagana. Nimeitoa betri ya jogoo.

Jumatatu, 17 Machi

Ujumbe: wananitakia kila la heri. Kazi kapewa Tai Nyekundu, nani mwingine.

Jioni kapiga mwenyewe. Nilidhani ni kunisimanga, nikapokea kwa heshima ya juu ili asifaidi. Akasema amesikitika, kwamba alitamani tuingie wote. Akanialika nyumbani Jumapili, mke wake anapika, watoto wanataka kumwona mtu aliyegeuza feni. Kumbe aliniona! Aliniona siku ile na akanyamaza. Akasema tena kwamba mwezi ujao wataongeza watu, na nikitaka mtu wa kunisemea, nimwandike yeye, bila hata kumuuliza.

Nikamwambia nitaangalia ratiba yangu. Aliyeshinda hamwiti aliyeshindwa mezani bure. Hapo kuna kitu.

Jumapili, 23 Machi

Habari njema! Kampuni nyingine, kubwa kuliko ile, inatafuta mpokea simu. Fomu ninayo. Wanataka wadhamini watatu. Kosa langu mara iliyopita nimeligundua, ni ule mlio. Mtu mzima haweki jogoo. Nimenunua laini mbili mpya, zote nimeziweka kwenye mtetemo. Meneja Mstaafu anarudi, safari hii na mafua kidogo, sauti isifanane. Wa pili ni daktari. Wa tatu bado namfikiria, ila nataka awe rafiki wa zamani, mtu wa kucheka cheka, anayenijua tangu utotoni. Tangu asubuhi nafanya mazoezi ya kicheko chake.

Chakula cha Tai Nyekundu ni leo. Kapiga mara ya kwanza nikiwa kwenye kicheko, sikupokea. Kapiga tena, nikapokea, nyuma yake nasikia sahani na watoto, akasema wananisubiri, hawajaanza kula. Nikamwambia nina kazi nyingi. Akasema watanisubiri kidogo.

Sasa hivi inalia tena. Ni yeye. Nimekata. Hii laini lazima ibaki wazi, watu wa kampuni wanaweza kupiga wakati wowote.